Podikasti Fupi katika Ufundishaji wa Sayansi Vyuoni: Ni Kitu Gani, Inafaa Wapi na Haifai Wapi

Siku hizi ukimtajia mtu wa Arusha au Moshi podikasti, picha inayomjia haraka ni ya watu wawili waliokaa kwenye makochi mbele ya vipaza sauti vikubwa, wakizungumza kwa saa nzima au zaidi kuhusu muziki, mapenzi, mpira au biashara. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi anapomweleza mzazi wake kwamba mhadhiri amewapa podikasti ya kusikiliza kabla ya kipindi cha kemia, mzazi ana haki ya kushangaa, na hata ya kuona kwamba ada yake inachezewa. Mkanganyiko huo hauko kwa wazazi peke yao. Wapo wahadhiri wanaodhani kwamba kinachotakiwa ni kuweka simu mezani na kurekodi mhadhara wa saa mbili, na wapo wanafunzi wanaoamini kwamba wakishaisikiliza rekodi mara tatu hawana haja tena ya kuingia darasani.

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vilivyorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, ambavyo msikilizaji huvipakua, akavisikiliza kwa wakati wake, akavisimamisha na kuvirudisha nyuma anapotaka. Uwezo huo wa kusimamisha na kurudisha nyuma ndio unaoitofautisha na redio. Teknolojia yenyewe ilianza kuenea mwaka 2004, na mwaka 2005 kampuni ya Apple ikaiingiza katika programu yake ya iTunes. Leo mwanafunzi hahitaji hata programu maalumu, kwa kuwa faili ya sauti inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa hufanya kazi ileile. Podikasti fupi ya kufundishia, ambayo ndiyo mada yetu, ni kipindi cha dakika tatu hadi kumi kinachoshughulikia dhana moja tu, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa somo fulani, na kinachomwachia msikilizaji kazi ya kufanya. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nami nitairudia, kwa sababu bila kazi hiyo kipindi huwa burudani ya kisayansi tu.

Vyuo vikuu vilianza kuijaribu njia hii mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiligawa iPod, vifaa vidogo vya mfukoni vya kusikilizia sauti, kwa wanafunzi wote wapya, zaidi ya 1,600, na matumizi yaliyojitokeza haraka yalikuwa kurekodi mihadhara kama ilivyo. Nchini Uingereza, Profesa Gilly Salmon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua mwelekeo mwingine katika miaka iliyofuata: walitengeneza vipindi vifupi vya takriban dakika kumi vilivyoambatana na kazi za wiki, na wakachunguza namna wanafunzi wanavyovitumia. Mwelekeo huo wa pili ndio unaotuhusu hapa.

Hata hivyo sisi Watanzania hatuhitaji kwenda Leicester ili kuelewa kiini cha jambo hili. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na takriban watu wazima milioni mbili walishiriki. Watu hawakuachwa wasikilize redio kila mmoja peke yake kisha waende zao. Walikaa katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kilichoambatana nacho, wakajadili hali ya kijiji chao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Aliyebuni utaratibu huo alijua kwamba sauti pekee haifundishi, na kwamba kinachofundisha ni kile ambacho kikundi hufanya baada ya redio kuzimwa. Mhadhiri wa leo mwenye simu janja ana chombo bora kuliko redio ya mwaka 1973, lakini akiwatumia wanafunzi faili bila kazi yoyote, ufundishaji wake uko nyuma ya ule wa mwaka 1973.

Sasa tuje kwenye swali la ufupi, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba dakika tano zimechaguliwa kwa sababu vijana hawana subira. Sababu iko katika namna akili inavyopokea jambo jipya. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba kumbukumbu tunayoitumia kufikiri kwa wakati mmoja hubeba takriban vitu vinne tu, hasa pale vitu hivyo vinapokuwa vigeni. Msomi wa kemia mwenye miaka ishirini kazini husikia sentensi moja na kuishika kama kitu kimoja, wakati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huisikia sentensi hiyohiyo kama vitu vitano visivyohusiana, naye hufika mwisho wake akiwa ameshapoteza cha kwanza. Wazee wa Kichaga waliochimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka juu ya mlima hawakuyaachilia yote shambani kwa mkupuo. Waliyafungua kwa zamu na kwa kiasi, ili migomba iyanywe kabla hayajaondoka na udongo. Kipindi kifupi hufanya hivyo kwa dhana za sayansi. Utafiti wa Philip Guo na wenzake uliotolewa mwaka 2014 kuhusu masomo ya mtandaoni ya edX uliona kwamba wanafunzi wengi hawakuendelea kutazama video zaidi ya dakika sita hivi, hata pale video ilipokuwa ndefu kuliko hapo. Utafiti huo ulihusu video, wala si sauti, kwa hiyo usichukuliwe kama sheria ya podikasti. Lakini unaonya vya kutosha dhidi ya kurekodi saa mbili na kuziita nyenzo za kujifunzia.

Mfano halisi utasaidia, na kwa wakazi wa Arusha hakuna mfano ulio karibu kuliko floraidi katika maji. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano yenye floraidi nyingi. Maji hayo yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi lakini kalsiamu kidogo, na kwa kuwa kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuifanya itulie chini kama chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, upungufu wake huiacha floraidi ikielea majini. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita; vipo vyanzo vya upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia, na anayeyanywa kwa miaka mingi anaweza kudhurika hata mifupa.

Mhadhiri wa kemia anayefundisha mada hii kwa mhadhara wa kawaida atayataja yote hayo na mengine zaidi ndani ya dakika arobaini. Kwa podikasti fupi anapaswa kuchagua jambo moja, nami ningechagua lile linalowakosesha watu wengi. Kipindi kianze na swali: mama mmoja anayeishi Maji ya Chai huchemsha maji ya kunywa kila jioni, naye hufanya vyema, kwa kuwa vijidudu hufa, je, amepunguza floraidi? Hapo mhadhiri amwombe msikilizaji asimamishe kipindi na aandike jibu lake pamoja na sababu kabla ya kuendelea. Kisha ndipo aeleze kwamba floraidi haifanani na kijidudu kinachouawa na joto wala na gesi inayotoka pamoja na mvuke. Ni ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, iliyoyeyuka majini, na maji yanapoondoka kama mvuke floraidi hubaki sufuriani. Chukua lita moja yenye miligramu 4 za floraidi. Ikichemka hadi kubaki lita 0.8, miligramu zilezile 4 sasa zimo katika maji pungufu, na kiwango kimepanda hadi miligramu 5 kwa lita. Aliyejibu kwamba mama amepunguza floraidi sasa anajua alikosea wapi, na kwa kuwa alikwisha kuandika sababu yake kwa mkono wake, hawezi kujidanganya kwamba alikuwa akilijua jambo hilo tangu awali.

Kipindi hicho kimalizike kwa swali jingine lisilojibiwa: ikiwa kuchemsha hakusaidii, kwa nini maji yakipitishwa katika mkaa wa mifupa iliyochomwa floraidi hupungua? Mwanafunzi aje darasani na jibu lililoandikwa. Darasani ndipo ubao utakapotumika kuchora fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizomo katika mifupa, kuonyesha namna floraidi inavyoshikwa juu yake, na kufanya hesabu zinazohitaji macho. Kipindi cha namna hii hakizidi dakika tano, ambazo kwa msemaji wa Kiswahili asiye na haraka ni kama maneno 500 hadi 600. Mhadhiri atawashwa kuongeza habari za mifupa, za viwango vya kisheria na za mitambo ya kuchujia, na inabidi ajizuie, kwa kuwa kila anachokiongeza kitalifunika lile swali moja ambalo ndilo lililobeba somo.

Kuna sababu nzito ya kusisitiza maswali kiasi hiki. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Kundi moja likakisoma tena, jingine likaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Dakika tano baadaye waliosoma tena waliongoza, wakikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75 ya wenzao. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kusikiliza podikasti mara tatu mfululizo ni sawa na kurudia kusoma. Sauti inayozoeleka humfanya mtu ajisikie anaelewa, kwa kuwa anajua ni neno gani linakuja, ilhali kulijua neno linalofuata si kuweza kulieleza jambo lenyewe mbele ya karatasi ya mtihani. Mwanafunzi anayetaka kunufaika asikilize mara moja kwa makini, azime, aandike alichokishika, ndipo arudi kusikiliza pale alipokwama. Wanafunzi waliozoea kukesha na madesa ya kunakili wiki ya mtihani wataona njia hii inachosha, na kweli inachosha, kwa sababu akili inafanya kazi.

Dhana nyingine inayozunguka sana ni kwamba kuna watu wanaojifunza kwa masikio na wengine kwa macho, hivyo podikasti ni kwa ajili ya wale wa masikio. Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia ushahidi wa nadharia hiyo mwaka 2008, na hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humfanya ajifunze zaidi. Watu wana mapendeleo, hilo halina ubishi, lakini kinachopaswa kuamua chombo ni somo lenyewe.

Yapo mambo ya sayansi ambayo sauti ndiyo yenyewe. Mwanafunzi wa udaktari pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, anapaswa kuyatambua mapigo ya moyo kwa sikio: sauti ya kwanza inayotokea vali za mitrali na trikaspidi zinapofunga, ya pili inayotokea vali za aota na mapafu zinapofunga, na mvumo usio wa kawaida unaojipenyeza kati ya hizo mbili. Kitabu kinaweza kueleza mvumo huo kwa kurasa nyingi na asiutambue siku atakapousikia kifuani mwa mgonjwa, wakati podikasti ya dakika nne inayocheza moyo wenye afya, kisha wenye vali inayovuja, kisha kumtaka msikilizaji autambue wa tatu bila kuambiwa, humjengea sikio. Sharti moja ni hedifoni, kwa maana spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito za chini ambazo mapigo ya moyo yanazo kwa wingi. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, ambaye siku moja atahitaji kujua ni ndege gani analia kichakani bila kumwona, au kutofautisha mlio wa fisi na wa mbweha gizani.

Kwa upande mwingine, mzunguko wa Krebs, muundo wa benzini, grafu ya kasi ya mmenyuko, au uthibitisho wa kihesabu wenye mistari kumi ni mambo yasiyofaa kufundishwa kwa sauti peke yake. Nimewahi kusikia rekodi ambayo mhadhiri anasema "kama mnavyoona hapa" huku akionyesha mchoro ambao msikilizaji hauoni, na nikasikitika kwa juhudi iliyopotea. Ikiwa mchoro ni wa lazima, watumiwe wanafunzi picha moja pamoja na faili ya sauti, na msemaji aanze kwa kuwaambia waiweke mbele yao. Ikiwa inahitajika michoro sita, hiyo ni kazi ya ubao au video.

Suala la kusikiliza huku mtu akifanya jambo jingine linahitaji uangalifu pia. Mwanafunzi anayetoka Usa River kwenda mjini kwa daladala anaweza kurudia kipindi alichokwisha kukielewa, na muda huo utakuwa umepata matumizi. Dhana ngumu inayosikilizwa kwa mara ya kwanza haitakiwi kupambana na kelele za konda na muziki wa dereva, na wala haitaingia kichwani mwa aliyelala na hedifoni masikioni. Kwa anayetembea barabarani ushauri ni mfupi: avue hedifoni, kwa sababu ya bodaboda.

Kinachoifanya njia hii istahili kufikiriwa kwa uzito hapa kwetu ni bei ya bando. Faili ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa sauti ya mtu mmoja, hutumia megabaiti 2.4 kwa dakika tano. Video ya muda huohuo kwa megabiti moja kwa sekunde hutumia megabaiti 37.5. Kwa hesabu hiyo, vipindi 15 vya muhula mzima, kimoja kila wiki, vinachukua megabaiti 36, chini ya video moja ya dakika tano. Mwanafunzi anayesubiri mkopo uingie huiona tofauti hiyo haraka kuliko mtu yeyote. Na faili ikishapakuliwa kwa mtandao wa chuo haihitaji bando tena, hata akienda likizo kijijini ambako mtandao unasuasua.

Vifaa visimtishe mtu. Simu ya kawaida iliyoshikwa kiganja kimoja kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zinazomeza mwangwi, hutoa sauti safi kuliko kipaza sauti cha gharama kilichowekwa katika ukumbi mtupu. Adui mkubwa wa kurekodi Moshi ni mvua juu ya bati. Anayejua majira ya masika atarekodi kabla mawingu hayajashuka.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mhadhiri ndiye anayerekodi daima. Mimi naamini faida kubwa zaidi hupatikana wanafunzi wenyewe wanapopewa kazi ya kutengeneza. Kikundi cha wanne kikiambiwa kieleze kwa dakika nne kwa nini dawa za kuua bakteria hazitibu mafua, hakiwezi kujificha nyuma ya slaidi wala kunakili aya za kitabu, kwa sababu aya za kitabu zikisomwa kwa sauti hazisikiki kama maelezo. Inabidi waamue kipi kitangulie na kipi kiachwe, wapate mfano, na katika kubishana kwao wagundue kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na uhakika wa tofauti kati ya kirusi na bakteria. Ugunduzi huo ukitokea mezani kwao, juma la tatu la muhula, wana muda wa kuurekebisha. Ukitokea ndani ya chumba cha mtihani, hawana. Waruhusiwe kueleza kwa Kiswahili huku wakiyataja majina ya kitaalamu kama yatakavyoonekana kwenye mtihani, kwa kuwa tayari ndivyo wanavyoelezana bwenini.

Alama zitolewe kwa usahihi wa sayansi, kwa uchaguzi wa yaliyo muhimu na kwa uwazi wa maelezo. Uzuri wa sauti, muziki wa kufungulia na ufundi wa kuhariri visipewe alama nyingi, la sivyo mwanafunzi mwenye kompyuta nzuri atamshinda mwenye uelewa mzuri. Na kwa kuwa sasa programu za akili mnemba huandika maelezo yanayosomeka vizuri kwa sekunde chache, mhadhiri afuatilie kila kipindi kwa maswali mawili ya ana kwa ana kwa mwanakikundi yeyote atakayemchagua yeye. Aliyesoma maneno ya mashine atajulikana katika swali la kwanza. Maelezo yaliyoandikwa yakabidhiwe pamoja na sauti, hasa kwa ajili ya wanafunzi wasiosikia, ambao chombo hiki kinawaacha nje kabisa kisipoambatana na maandishi; kwa wasioona, kinyume chake, ni moja ya nyenzo chache zinazowafikia bila marekebisho.

Mhadhiri anayetaka kuanza muhula ujao hahitaji kurekodi kozi nzima. Achukue karatasi za mtihani uliopita, atafute swali ambalo darasa kubwa lililikosa kwa kosa la aina moja, na kosa hilo liwe mada ya kipindi chake cha kwanza. Wiki mbili baada ya kukituma, awape wanafunzi swali jingine la aina ileile lenye takwimu tofauti, alisahihishe kama anavyosahihisha mtihani, na alinganishe na matokeo ya mwaka uliotangulia kabla hajaamua kurekodi kipindi cha pili.